Kununua Nyumba au Kujenga? Butembo na Beni, Anza na Hati

Vijana waliooana karibuni hapa Butembo hawakosi mazungumzo haya ya jioni. Mume anataka kiwanja kule pembezoni, upande wa Bulengera au Vulamba, ajenge chumba baada ya chumba. Mke ameona nyumba iliyokwisha, yenye mabati, choo na ua, na mwenyewe anaiuza kwa sababu anahama. Mama mkwe anasema mwanamume ni yule aliyejenga. Rafiki wa kazini anasema anayejenga hulipa mara mbili: kodi ya nyumba anayoishi na saruji ya nyumba asiyoishi. Kila mmoja ana hesabu yake, na hesabu zote zinaanza na bei ya tofali.

Kwa anayeshughulika na mambo ya viwanja na ujenzi, hesabu hizo zimeanzia katikati. Ukinunua saruji kwa bei ya juu, nyumba itachelewa. Ukimlipa mtu asiye na haki ya kuuza, umepoteza kiwanja, saruji, mabati na miaka yako yote kwa siku moja mbele ya hakimu. Ndiyo maana katika miji yetu miwili swali la kununua au kujenga ni la pili. La kwanza ni hili: huyu anayetaka fedha zangu ana haki gani, na anaionyesha kwa karatasi ipi?

Unalipia nini hasa?

Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, ilifanya ardhi yote ya nchi kuwa mali ya dola. Haiuzwi, na hakuna anayeipata kwa kukaa juu yake miaka mingi. Raia hupewa haki ya kuitumia, ndiyo konsesyo. Mkongomani, kama mtu binafsi, anaweza kupewa konsesyo ya kudumu. Kampuni na wageni hupewa ya muda, isiyozidi miaka 25, ambayo inaweza kuongezwa. Nyumba iliyosimama juu ni yako; udongo ulio chini yake unabaki wa dola.

Kwa hiyo unapomhesabia muuzaji fedha zake, unalipia vitu viwili: kuta, na nafasi yake mbele ya dola. Kama nafasi hiyo hana, umenunua kuta peke yake, na mwenye nafasi akija anaweza kukuambia uzibomoe.

Sheria hiyohiyo inasema haki hiyo inathibitishwa na hati ya usajili, ile ambayo watu huiita sertifika, inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Hutengenezwa nakala 2: moja inakaa katika kitabu ofisini, nyingine anapewa mwenye haki. Kwa watu wanaojua kukimbia usiku bila kubeba kitu, jambo hili lina uzito wake. Nyumba ikiungua na begi likapotea, jina linabaki kitabuni. Tena hati hiyo ikipita miaka 2 bila kupingwa mahakamani, inakuwa ngumu sana kuiangusha. Anayejiona ameonewa hubaki na njia ya kudai fidia. Barua ya mauziano iliyotiwa saini nyumbani kwa mtu haina nguvu hiyo, hata iwe na mihuri mitatu.

Tufungue bahasha ya muuzaji

Chukua muuzaji wa kawaida, mtu mwema, asiye na nia ya kumdanganya yeyote. Ukimwomba hati, atakuletea bahasha ya kaki. Ndani yake kuna barua ya mauziano aliyopewa na yule aliyemuuzia. Imeandikwa kwa kalamu, na mipaka imetajwa hivi: upande wa juu, jirani fulani; upande wa chini, mfereji; kulia, njia ya watu; kushoto, kiwanja cha mjane wa fulani. Ukubwa ni mita 15 kwa 20, zilizopimwa kwa hatua. Chini yake kuna majina ya mashahidi wanne, saini ya shefu wa kartiye, na muhuri uliofifia. Nyuma yake kuna fishi ya parsele kutoka kartiye, na labda risiti mbili za kodi ya ardhi.

Isome tena kwa macho ya mnunuzi. Yule jirani wa juu amekwisha kuuza. Mjane amefariki na watoto wake wamegawana. Mfereji umehama, maana kwenye miteremko yetu maji ya mvua hujichagulia njia mpya. Mashahidi wawili hawapo tena mjini. Karatasi hiyo siyo ya uongo. Inaeleza kiwanja cha zamani chenye majirani wa zamani, na kila mwaka unaopita unaipunguzia nguvu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila limeandikwa kwa vitu vinavyohama.

Kinachokosekana kwenye bahasha nyingi ni karatasi tatu zinazotoka ofisi za dola: taarifa ya upimaji na uwekaji wa mawe ya mipaka kutoka kadasta, mkataba na dola, na mwishoni hati ya usajili yenyewe. Muuzaji akiwa na zote tatu, bei yake itakuwa ya juu, na inastahili. Akiwa na ile barua tu, bei lazima ishuke kwa kiasi cha gharama na muda utakaoutumia kufuata yale ambayo yeye hakuyafuata. Familia nyingi hazijui kwamba jambo hilo ni la kujadiliana bei. Wanajadili rangi ya ukuta.

Nje ya mji mambo yanazidi kuwa mazito, maana mara nyingi hapo hakuna bahasha, kuna mtu. Kwa mila ya Wayira, ambao wengi huwaita Wanande, ardhi ilitolewa na wenye ardhi wa ukoo, na aliyepewa alitoa muhako, mara nyingi mbuzi, kuonyesha kwamba anamtambua aliyempa. Alipewa kulima na kuwalisha watoto. Kuuza hakukuwa ndani ya makubaliano. Kisha mji ukapanda mlima. Butembo, iliyoanza kukua tangu 1928 kama kituo cha kampuni ya madini ya MGL, leo imesambaa hadi kugusa ardhi za machifu wa Baswagha, na viunga vya Beni navyo vinasogea kwenye mashamba. Shamba moja limegeuka viwanja 20, na watu watatu wanaamini kwa dhati kwamba ni wao wa kuuza: mwenye ardhi wa ukoo, mkulima aliyelima miaka 40, na mtumishi wa ofisi mwenye ramani ya viwanja mkononi. Sheria ya 1973 iliahidi kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi hizo zingepangwa kwa amri ya Rais wa nchi. Amri hiyo ilisubiriwa kwa makumi ya miaka, na migogoro haikusubiri.

Anayenunua huko hana budi kuwakutanisha wote mezani: ukoo, mkulima na majirani wa pande nne, kila mmoja atie saini mbele ya shefu wa kartiye. Kisha mpimaji wa kadasta, kisha mkataba na dola. Ukiruka mmoja kwa sababu ni mgumu, huyo ndiye utakayemkuta mahakamani.

Ukiamua kununua iliyokwisha kujengwa

Faida za nyumba iliyosimama zinaonekana. Mnahamia mwezi huohuo, kodi inakoma, na mnaona mlichonunua. Nyumba iliyopitia misimu miwili ya mvua imekwisha kueleza tabia zake: nyufa ziko wapi, maji yanasimama wapi, mchwa wamefika wapi. Nendeni mkaiangalie siku ya mvua kubwa, wala msiende asubuhi ya jua aliyoichagua komisioneri, yaani dalali. Gongeni plasta kwa kidole. Nyumba nyingi zinazoonekana za tofali la kuchoma ni za tofali bichi au za miti na udongo, zilizovalishwa saruji nje. Hizo nazo ni nyumba, na zinadumu zikiwa na msingi wa mawe na paa lenye kutokeza mbele kuzuia mvua isipige ukuta. Lakini bei yake siyo ya tofali la kuchoma.

Hatari za nyumba iliyosimama ziko kwa watu waliomo ndani yake, na tatu hujirudia.

Ya kwanza ni mwenzi wa ndoa. Kanuni ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inadai ridhaa ya mume na mke ili kuhamisha konsesyo ya ardhi. Mume akiuza akiwa Kampala na mke hajui, mauzo hayo yanaweza kubatilishwa. Saini zote mbili, mbele yenu, siku moja.

Ya pili ni warithi. Mtoto mkubwa anauza nyumba ya marehemu baba na kujitambulisha kuwa ndiye kiongozi wa familia. Kwa sheria yetu, watoto wote wa marehemu wako kundi la kwanza la warithi, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa na kutambuliwa naye akiwa hai. Mjane naye ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe. Kiongozi wa familia asiye na saini za wenzake anauza sehemu yake, nanyi mnalipia yote.

Ya tatu ni deni. Nyumba inaweza kuwa imewekwa rehani benki au koopeki, ushirika wa kuweka na kukopa. Jambo hili huandikwa kwenye kitabu cha konservateri, na njia ya kulijua ni kuuliza huko kwa maandishi. Muuzaji akichukia mkienda kuuliza, amekwisha kuwajibu.

Mkiridhika, mkataba uandikwe na kuthibitishwa mbele ya notari, malipo yapitie mahali panapoacha alama, na jina libadilishwe kwenye kitabu. Wengi huishia kwenye saini na kusema mambo ya ofisi yatafuata. Hadi jina libadilike, mwenye nyumba kitabuni ni yule aliyewauzia, na akitaka kumuuzia mwingine, kitabu hakitamzuia.

Ukiamua kujenga

Kujenga kuna sababu moja kubwa kuliko fahari ya mama mkwe. Hapa kwetu mkopo wa nyumba wa miaka 20 ni kitu cha kusikia redioni. Koopeki na vikundi vya kuweka na kukopa hukopesha kwa miezi. Likelemba hukupa fungu lako zamu yako ikifika. Fedha za familia ya kawaida zinakuja vipande vipande, na nyumba inayojengwa ndiyo pekee inayokubali kulipwa vipande vipande: leo mawe ya msingi, mwezi wa tatu tofali, mwakani mabati.

Lakini anayenunua kiwanja kitupu hununua pia saa inayotembea. Mkataba wa kwanza na dola, ule wa kukodi, hauzidi miaka 3, na ndani ya muda huo mwenye kiwanja anatakiwa akiendeleze ili apewe konsesyo na hati ya usajili. Kiwanja kinacholala majani kinawatia wengine tamaa, na ofisi nayo inaweza kuona kimeachwa. Kwa hiyo msinunue kiwanja kikubwa mtakachoshindwa kukijengea. Kidogo chenye vyumba 2 kinalindwa vizuri zaidi.

Baada ya karatasi, isomeni ardhi. Butembo iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na karibu kila kiwanja kina mteremko. Bei nafuu ya kiwanja cha mteremko ni ya kuonekana tu: kukata ngazi, kujenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo na kuchimba mfereji wa kupitisha maji ya aliye juu yenu huweza kula fedha za chumba kizima. Kabla ya kulipa, pandeni hadi kwa jirani wa juu mwone maji ya paa lake yanakwenda wapi. Kama yanakwenda kwenu, zungumzeni naye kabla hamjawa majirani. Halafu shukeni bondeni, mwangalie kama kuna korongo linalokula udongo kuelekea juu. Korongo lililo mita 30 kutoka mpaka wenu mwaka huu linaweza kuwa mita 20 mwakani. Beni, iliyo chini zaidi na yenye joto, ina viwanja vya tambarare vingi kuliko Butembo. Huko tatizo huwa maji yanayosimama na mchwa, na mbao zisizotiwa dawa hazidumu.

Hewa nayo isomwe. Mwaka 2016 watafiti waliojumlisha kumbukumbu za miaka 16 za setilaiti ya TRMM walitangaza orodha ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilishika nafasi ya kwanza, Kabare ya Kivu ya Kusini ikafuata, na eneo la Butembo likashika nafasi ya 9, kwa miale ipatayo 129 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Lakini nyumba ngapi za mji huu, zenye mabati juu na paneli za sola juu ya mabati, zina waya wa shaba unaoshuka hadi fimbo iliyozikwa ardhini? Fimbo na waya huo vizikwe wakati wa msingi, fundi akiwa tayari anachimba. Baadaye ni kazi ya kubomoa.

Na chini ya yote kuna bonde la ufa. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko lilipiga pande zote mbili za Ruwenzori, Uganda na upande wetu, likaua watu zaidi ya 100. Kuta za tofali zisizofungwa pamoja ndizo zinazoanguka kwanza. Mafundi wetu wanajua kutengeneza mkanda wa zege, wanaouita shenaji, unaozunguka nyumba yote juu ya milango na madirisha. Ndicho kitu cha kwanza mwenye nyumba huomba kiondolewe fedha zikipungua, kwa sababu plasta itauficha. Punguzeni vigae, punguzeni milango ya chuma yenye maua, mkanda msiuguse.

Kuhusu vifaa, neno moja la kalenda linatosha. Tofali huchomwa mabondeni kwa kuni za mikaratusi, na mbao hutoka upande wa Beni na Ituri. Vyote viwili hutegemea jua na barabara. Saruji na mabati mengi huingia kutoka Uganda kupitia Kasindi; saruji ya Hima, kwa mfano, hutengenezwa wilaya ya Kasese, ng'ambo tu ya mpaka. Barabara ya Kasindi ikifungwa kwa siku chache kwa sababu ya mashambulizi, bei hupanda kabla ya gari la mwisho kuingia. Tofali na mawe vinunuliwe mapema, maana haviozi. Saruji inunuliwe wiki ya kuitumia. Mfuko uliokaa miezi kwenye unyevu wa Butembo huganda, na aliyeulipia hukosa hata wa kumlaumu.

Hesabu ya familia moja

Tuweke mfano wa kubuni ili tuone namba zinasema nini. Mume ni mwalimu, mke anauza vitenge, wana mtoto mmoja. Kodi ni dola 50 kwa mwezi, na kila mwezi wanaweka dola 150. Kiwanja ni dola 3,000, kufuata hati zote dola 600, vyumba 2 na choo dola 4,500. Nyumba iliyokwisha, ya vyumba 4, inauzwa dola 9,000, na kubadilisha jina tuseme ni dola 600 pia.

Wakijenga, wanahitaji dola 8,100, yaani miezi 54 ya kuweka. Kwa muda huo wamelipa kodi dola 2,700. Wanahamia kwenye vyumba 2, kodi inakoma, sasa wanaweka dola 200. Vyumba 2 vya kuongeza kwa dola 3,000 vinachukua miezi 15. Jumla: miezi 69, dola 13,800. Wakinunua, dola 9,600 ni miezi 64, na kodi ya muda huo ni dola 3,200. Jumla: dola 12,800.

Tofauti kwa mwisho wa safari ni dola 1,000 na miezi 5. Badilisheni bei kidogo, mshindi anabadilika. Namba hizo haziwezi kuamua peke yake, na ndiyo sababu mabishano ya jioni hayaishi. Yanayoamua ni mambo mawili yaliyo nje ya jumla hiyo. Muuzaji wa nyumba ya dola 9,000 hatawasubiri miezi 64. Asiye na fungu kubwa tayari, kwa mauzo ya shamba, urithi au zamu nono ya likelemba, hana nyumba ya kununua. Na anayejenga, akilipa kiwanja na hati kwa miezi 24 ya mwanzo, anabaki na miezi 30 ya kusimamisha vyumba 2, ndani ya ile miaka 3 ya mkataba, muda wa ziada ukiwa miezi 6 tu. Ugonjwa mmoja, au duka kufungwa kama siku za Ebola kati ya 2018 na 2020, na saa ya mkataba inampita. Kwa hiyo aanze na chumba kimoja kilichoezekwa, hata kama ramani ni ya vyumba 4.

Vita na bei ya haraka

Hakuna anayeweza kuzungumzia nyumba Beni na Butembo akanyamaza kuhusu vita. Tangu Oktoba 2014 mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewakimbiza watu kutoka vijiji vya kandokando ya Beni, Oicha, Mbau na Eringeti. Mwaka 2024 mapigano na waasi wa M23 yaliwasukuma watu wa kusini mwa Lubero kuelekea Butembo. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Beni, pamoja na watumishi wanaotafuta pa kulala.

Mambo hayo huvuta soko pande mbili kwa wakati mmoja. Katikati ya mji wapangaji wanaongezeka. Pembezoni, karibu na mashamba yaliyoachwa, kuna viwanja vinavyotolewa kwa bei inayoshangaza. Bei hiyo ina sababu mbili zinazowezekana, na zote mbili ni mbaya: mahali hapo si salama, au anayeuza si mwenyewe. Mwenye shamba amekimbia. Ndugu, jirani au komisioneri anauza kwa niaba yake, na mwenyewe akirudi baada ya miaka anakuta nyumba ya watu. Yeye hakutenda kosa, nanyi mlilipa. Muuzaji asiyekuwepo awe na barua ya uwakilishi iliyothibitishwa na notari, na mzungumze naye wenyewe kwa simu mbele ya ndugu zake. Na aliye katika dhiki akiuza kwa nusu ya bei, jiulizeni kama familia yake itakubali bei hiyo siku amani ikirudi. Mapatano yaliyofanywa kwa njaa ya upande mmoja hufunguliwa tena.

Vita inafundisha jambo jingine: msizike kila dola ukutani. Ukuta hauwezi kulipa nauli ya kukimbia. Miezi michache ya matumizi ibaki mkononi au koopeki, hata ikimaanisha mabati yacheleweshwe.

Jina la nani?

Kwa mila, ardhi ya Wayira ilipita kwa wanaume, na hadi leo barua nyingi za mauziano zina jina la mume peke yake, hata pale vitenge vya mke ndivyo vilivyolipa nusu. Kanuni ya familia haiko hivyo. Wanandoa wasipochagua utaratibu mwingine, mali waliyoipata ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Tatizo ni ushahidi: ndoa iliyoishia kwa mahari na sherehe, bila kuandikishwa kwa afisa wa hali ya kiraia, inamwacha mjane akibishana na shemeji zake bila karatasi. Kuandikisha ndoa kabla ya kuandikisha kiwanja, na kuweka majina mawili kwenye mkataba, ni gharama ndogo. Mume anayeona haya kufanya hivyo afikirie watoto wake wakiwa na miaka 6 na yeye hayupo.

Wakati wa kusubiri

Kupanga si aibu, na wakati mwingine ndiyo akili. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangishaji wa nyumba za kuishi inaweka dhamana isiyozidi kodi ya miezi 3. Mwenye nyumba anayedai miezi 6 au mwaka anakwenda kinyume cha sheria, na fedha hizo za ziada zingekuwa mawe ya msingi wenu. Daini mkataba wa maandishi na risiti, huku mkiendelea kuweka akiba.

Basi uamuzi unaweza kupangwa hivi. Kama mna fungu zima, na nyumba ina hati ya usajili, saini za wenzi au warithi wote, na ofisi imejibu kwa maandishi kwamba haina rehani wala pingamizi, nunueni, hata kama ni ghali kidogo. Kama fedha zenu zinakuja kidogo kidogo, na mmepata kiwanja ambacho kadasta imekipima na wanaowauzia wote wanajulikana, jengeni, kidogo na mapema. Kama hakuna karatasi upande wowote, endeleeni kupanga na kutafuta, hata kelele za mama mkwe zizidi.

Na fedha za kwanza kabisa kutoka katika akiba yenu zisiende kwa komisioneri wala kwa fundi. Ziende kwenye gharama ya kuuliza kadasta na kwa konservateri juu ya kiwanja hicho, kabla ya kumpa muuzaji hata arbuni. Ni kiasi kidogo. Jibu likiwa baya, mtakuwa mmepoteza hicho tu.